Maili Kumi na Mbili Bila Mfuko

Nyumba Na. 47,
Nyuma ya Soko, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, tarehe 3 Oktoba 1954

Mpendwa mdogo wangu Kokushubila,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza nakujulia hali, wewe na shemeji, na watoto wote, na wale ng'ombe wawili ulionitajia. Goti lako limepoa? Ulisema linauma wakati wa mvua, nami nakumbuka kwamba huko kwetu mvua haikatiki, hupumzika tu kidogo kisha ikaendelea. Jipake mafuta ya moto jioni na usichote maji mwenyewe. Hao watoto uliwazaa wa nini? Sisi huku tu wazima. Wifi yako Adelina alishikwa na homa siku nne mwezi wa Agosti, lakini sasa ameanza tena kunigombeza, ndipo nikajua amepona kweli.

Najua anayekusomea barua hii ni Auleria. Mwanangu Auleria, msomee mama yako polepole, na pale anapokunja uso umgeuzie maneno kwa lugha ya kwetu. Wala usiruke mahali ambapo mjomba wako anachekwa. Yeye mwenyewe atapenda kuyasikia hayo kuliko mengine yote.

Sasa nijibu barua yako. Umeniandikia kwamba binamu yetu Theonest, aliporudi kutoka safari yake ya huku, aliwaambia kuwa aliniona kwa macho yake alfajiri katika barabara ya Kilwa, nimevaa kaptura, nakimbia peke yangu, midomo inatembea, na mkononi nimeshika ndimu. Kwamba aliniita kwa jina nami nikampungia ile ndimu nikaenda zangu. Ukaniuliza kama nimerukwa na akili, na kama wazee wa ukoo wamtume mtu aje kunichukua.

Theonest hakusema uongo hata neno moja, ila ndimu zilikuwa mbili. Akili ninazo, Kokushubila. Nilikuwa najitayarisha kwa mashindano ya mbio ndefu, ya kwanza maishani mwangu, nami nina miaka hamsini na mmoja. Nitakueleza yote kwa utaratibu, kisha uamue mwenyewe kama mtu atumwe.

Mwishoni mwa Juni ofisini kwetu Kurasini alikuja karani mkuu mpya, Bwana Sadallah. Ni mtu mwema. Sitaki umdhanie vibaya. Alipoyapitia majina ya wafanyakazi akakuta kwamba mimi ndiye tarishi wa kampuni kwa miaka ishirini na mitano, na kwamba kila siku nabeba mfuko wa barua kwa miguu kutoka bandarini mpaka Forodhani, na benki, na maofisi ya mjini. Akaniangalia mvi zangu, akanionea huruma. Huruma ya mkubwa wa kazi ni kitu cha kuogopwa. Akanitengenezea kiti mlangoni, tena chenye mto, niwe nawafungulia wageni kuanzia mwezi wa Oktoba. Mfuko angepewa mtu mwenye baiskeli.

Nilikwenda mezani kwake nikamwambia sijachoka.

"Mzee Leodegar," akasema, "hakuna aliyesema umechoka. Tunataka upumzike kabla hujachoka."

"Na mtu akipumzika kabla hajachoka, bwana, anapumzikia nini?"

Makarani wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Ukutani palikuwa na tangazo la chama cha michezo cha vijana wa bandari, la mbio za maili kumi na mbili. Akalionyesha kwa kalamu yake. "Haya. Wanaanza saa kumi jioni, wanafunga saa kumi na mbili juu ya alama. Ukiingia kabla hawajafunga, mfuko ni wako mpaka uuchoke wewe mwenyewe. Usipoingia, unakaa kitini bila maneno. Umekubali?"

Nikasema nimekubali. Hapo wakaacha kucheka.

Pengine utasema kiti chenye mto si adhabu kwa mtu wa umri wangu. Lakini fikiri. Nimetoka huko mwaka 1929. Hapa sina kibanja, wala mgomba hata mmoja ulio wangu. Nilicho nacho katika mji huu ni njia. Yule karani wa dirisha la tatu Forodhani huniuliza habari za watu wa kwetu. Mama muuza vitumbua pale Gerezani huniwekea viwili hata nikichelewa. Mabawabu wa benki hawaniulizi natoka wapi. Nikikaa mlangoni, hao wote watanisahau katika mwezi mmoja, nami nitakuwa mgeni kwa mara ya pili. Mara moja inatosha.

Basi nikaanza mazoezi, na nikaanza kwa makosa mawili. La kwanza, nilidhani mtu aliyepata kukimbiza barua za serikali miaka tisa hahitaji kufundishwa kukimbia. La pili, sikuwaambia majirani. Nilitoka mbio saa kumi na moja alfajiri, giza halijaisha. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu mzima akikimbia saa hiyo, amebeba habari ya msiba. Nyumba ya tatu mlango ukafunguliwa, sauti ikauliza, "Nani tena?" Nyumba ya tano mama mmoja akashika kichwa. Niliporudi nusu saa baadaye nilikuta mkeka umetandikwa mbele ya mlango wangu, wanawake saba wamekaa, na Adelina katikati yao anaapa kwamba mumewe hajafa wala hajafiwa.

Jirani yetu Mwinjuma, Mzaramo muuza kahawa, hakunisamehe siku ile, kwa kuwa alikwisha kuchemsha mabuli mawili ya kahawa kwa ajili ya waombolezaji. Tangu hapo akawa ananilipiza. Nikipita tu: "Mzee Leo! Hao wanaokufukuza wamefika wapi?" Au: "Mhaya, posta walishanunua magari! Hukupata barua?" Mtaa mzima ulikuwa unaamka kwa maneno yake.

Aliyenisaidia ni mwalimu Marselino Alfonsi, kijana wa Masasi aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Shuleni kwake ndiye anayefundisha michezo. Alinitazama nikipita siku mbili. Siku ya tatu akasimama njiani.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza. Bega lako la kushoto lina nini?"

Nikamwambia halina kitu.

"Sasa kwa nini unalibeba?"

Sikumwelewa. Akanipeleka mahali penye mchanga uliolowa umande, akaniambia nikimbie hatua hamsini kisha turudi tuangalie nyayo. Kokushubila, niliona aibu kama mtu aliyeonyeshwa tundu katika nguo yake. Unyayo wa kulia ulikuwa mwepesi, umenyooka. Wa kushoto ulikuwa umezama, kisigino kimechimba, vidole vimetazama nje. Utadhani wamepita watu wawili, mmoja ana mzigo.

Ndipo nikamweleza habari ya ujana wangu, ambayo wewe unaijua. Jinsi tulivyokuwa matarishi kumi na wawili katika ile njia ya kwenda Biharamulo, kila mmoja na kipande chake. Jinsi nilivyobeba mfuko wa posta begani kushoto na kengele mkono wa kulia, maili tisa kutoka kibanda cha bondeni mpaka kibanda cha kilimani. Kisha magari yakaja, nikaja huku, nikapewa mfuko mwingine, nikauweka begani palepale. Marselino akapiga hesabu. "Miaka thelathini na minne, mzee. Mfuko umeutua, lakini bega halijapata habari."

Tukaanza upya kama watoto wa darasa la kwanza. Marselino ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, kwa hiyo ilibidi aniamkie kwanza ndipo anikemee. "Shikamoo, mzee." Marahaba. "Mzee, unakimbia kama mtu aliyebeba mlango." Kila alfajiri hivyo hivyo, heshima kwanza, matusi baadaye.

Ndimu alinipa yeye, moja kila mkono. Nilitakiwa nizishike bila kuziminya na bila kuziangusha, mikono yote miwili iende sawa kando ya mbavu, isikate kifua. Mtu akikunja ngumi, alisema, shingo nayo hukaza, na shingo ikikaza pumzi inakuwa fupi. Akanikataza hatua ndefu. Unyayo ushuke chini ya mwili, si mbele yake. Ukiutupa mbele, kisigino kinapiga hodi barabarani na goti ndilo linaloitikia. Macho yatazame hatua ishirini mbele, si vidoleni. Kiwiliwili kiinamie mbele kidogo kutoka kwenye vifundo vya miguu, si kutoka kiunoni kama anayetafuta sindano. Mambo hayo ukiyasoma ni mepesi. Kuyatenda yote kwa pamoja, miguu ikiwa mikongwe, kulinichukua majuma matano.

Na hiyo midomo iliyomtisha Theonest, habari yake ni hii. Mwalimu alisema kipimo cha mwendo ni maneno: ukiweza kusema, mwendo ni mzuri, ukishindwa, punguza. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, nikawa nasali Salamu Maria kwa sauti. Nikiweza kuimaliza bila kuhema, naendelea. Nikikwama kabla ya "saa ya kufa kwetu," najua kwamba saa yenyewe inakaribia, napunguza. Mwinjuma alitangaza kwa wateja wake kwamba Mhaya anasoma dawa ya mbio.

Tulikimbia siku tatu kwa juma, na Jumamosi ndiyo siku ya safari ndefu, kila Jumamosi maili moja zaidi. Mimi nikaona mambo yanakwenda polepole mno. Juma la tatu, Marselino alipokwenda mkutano wa walimu, nilijiibia maili sita kwa kasi yangu yote ili nimshangaze. Aliporudi alishangaa kweli: shavu la mguu wangu wa kulia lilikuwa limevimba kama papai. Nililala siku kumi. Adelina alinikanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na mikono yake ilipokuwa inakanda, mdomo wake haukupumzika. "Mzee mzima! Unataka kumwacha nani mjane, mie?" Wewe unamjua, kwao ni Peramiho, na watu wa kule wakianza jambo hawaliachi njiani.

Mguu ulipopona tukaendelea, nikafika maili nane vizuri kabisa. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halikuwa na maelezo. Tulipojaribu maili kumi, nilipofika ya tisa miguu ilikataa. Sikuwa nimechoka. Pumzi ilikuwapo, maumivu hayakuwapo, Salamu Maria ilikuwa inakwenda mpaka mwisho. Ila mwili ulilegea tu, nikasimama, kama mtu aliyefika kwake. Jumamosi iliyofuata tukajaribu tena. Tisa, nikasimama. Marselino akalaumu viatu, nikavua raba nikakimbia pekupeku. Tisa. Akalaumu maharage ya jana. Adelina akapika uji. Tisa. Siku ya mbio ilikuwa imebaki juma moja, na mbio zilikuwa za maili kumi na mbili. Usiniulize kama nililala vizuri juma lile.

Jumamosi tarehe 25 Septemba tulikusanyika Temeke, watu arobaini na mmoja. Wengi walikuwa vijana wa gatini, wenye mapaja kama magogo. Palikuwa na askari kadhaa na walimu wanne. Nilipewa namba 38. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu kama nimekuja kumsindikiza mjukuu. Njia yenyewe ilifuata barabara ya Kilwa, kushuka Mtoni, kupanda, kupita Mbagala mpaka kwenye pipa lililopakwa chokaa, kulizunguka na kurudi. Bwana Sadallah alikuwapo, amevaa kanzu nyeupe na koti, saa yake mkononi. Alinipa mkono akasema, "Mzee, hata ukirudi njiani hakuna atakayekucheka." Alisema kwa wema, na maneno yale yalinichoma kuliko dhihaka zote za Mwinjuma.

Marselino alikuwa amenipa amri moja tu: waache waende. Filimbi ikalia, wakaenda kweli, kama kuku waliofunguliwa banda. Katika nusu maili ya kwanza mimi nilikuwa wa mwisho. Nyuma yangu hapakuwa na kitu ila baiskeli ya mwangalizi, naye alikuwa akipiga kengele kunisikitikia. Nikashika ndimu zangu. Bega chini, hatua fupi, macho mbele. Nikasali.

Baada ya Mtoni nikaanza kuwakuta. Mmoja ameshika ubavu kwa kichomi. Wawili wanatembea, mikono kiunoni, wanalaumiana kwa kuanza kwa pupa. Yule kijana aliyeniuliza habari za mjukuu alikuwa amekaa kwenye nyasi, anatazama lengelenge lake. Nikampa pole nikapita. Kwenye pipa nilikuwa wa ishirini na saba. Sikuwa nimepata kukimbia vizuri namna ile hata nilipokuwa na miaka ishirini, Kokushubila. Mwili ulikuwa unakwenda wenyewe, pande mbili sawa, nami kama niko juu yake nimebebwa. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa.

Maili ya tisa ilinikuta Mtongani, wakati wa kurudi. Saa yangu ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini na sita. Miguu ikalegea. Nikajikaza, nikajisemesha, nikajilaumu, ikasimama. Nilisimama kando ya barabara natazama huku na huku, na wale niliowapita wakaanza kunipita.

Mwinjuma alikuwa hapo. Alikuwa amehamishia biashara yake barabarani kwa sababu ya watazamaji, ameweka buli juu ya makaa, vikombe vinamlia mkononi. Aliponiona akaacha wateja.

"Mzee Leo! Vipi, umevunjika?"

"Hapana."

"Sasa umesimama nini? Unamtafuta nani?"

Nikamjibu kabla sijafikiri. Nilisema, "Anayenipokea."

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe ndipo nikaelewa. Miaka tisa, mara tatu kwa juma, nilikimbia maili tisa, na kwenye maili ya tisa palikuwa na mtu. Wewe unamkumbuka Audax. Hakuwa akiningoja amesimama. Akiisikia kengele yangu alianza kukimbia kabla sijafika, ameupeleka mkono nyuma, nami namtia mfuko kiganjani bila hata mmoja wetu kusimama. Yeye anakwenda, mimi nakaa chini. Audax amelala Kashozi sasa mwaka wa kumi na moja, na miguu yangu bado ilikuwa inamtafuta. Miguu haikuwa imechoka. Ilikuwa imemaliza kazi yake.

Mwinjuma aliangalia kushoto akaangalia kulia. "Akupokee nani? Hapa nipo mie na buli langu, na mie sikimbii ng'o. Labda ujipokee mwenyewe!"

Alisema kwa mzaha, na wateja wake wakacheka. Lakini mimi nilizitupa ndimu zote mbili majanini. Nikageuka mbele, nikaanza mwendo wa polepole kama mtu aliyekuwa anapumzika kibandani tangu mchana, nikapeleka mkono nyuma, kiganja kimefunguliwa. Na nikaupokea. Sijui nikueleze namna gani. Nilihisi uzito wake unanijia mkononi, nikautia begani, nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia Mwinjuma anapiga kelele, na sauti yake haikuwa ya dhihaka tena: "Mpisheni! Mpisheni mzee, ana barua ya watu!"

Nilikuwa nimepoteza dakika tano. Zilibaki ishirini na tisa, na maili tatu, na mpando wa Mtoni katikati. Bega la kushoto likapanda juu likakaa mahali pake pa zamani. Mkono wa kulia ukaanza kutikisa kengele isiyokuwapo. Kila nilichofundishwa kwa majuma kumi na mawili kilibaki pale Mtongani pamoja na ndimu. Wala sitasema mafundisho yale yalikuwa ya bure. Ndiyo yaliyonifikisha maili tisa nikiwa mzima. Lakini hizo tatu za mwisho nilizikimbia kwa mwili wa tarishi. Mpando ule niliupanda nikiwa sioni barabara ya Kilwa. Nilikuwa naona ile njia ya Audax, ambayo mimi mwenyewe sikupata kuikimbia hata siku moja, ukungu unapanda kutoka ziwani, na nilikuwa nataka kujua inakwenda wapi.

Kwenye nyumba za kwanza za Temeke Marselino alinirukia akawa anakimbia sambamba nami. "Bega, mzee! Bega!"

"Liache!"

"Shikamoo, lakini bega!"

Sikuitikia, na hiyo ni mara ya kwanza maishani mwangu kuacha salamu ya kijana ikaanguka chini. Niliingia saa kumi na moja na dakika hamsini na saba, mtu wa kumi na tisa. Adelina alinimwagia maji kichwani, analia, ananiita majina ambayo siwezi kuyaandika, na Auleria hataweza kuyasoma. Bwana Sadallah aliitazama saa yake muda mrefu, kama anayetafuta dakika tatu zilizopotea. Kisha akanipa mkono mara ya pili. "Mfuko ni wako, mzee. Na mimi naomba radhi."

Ungedhani habari imeishia hapo, lakini ikaja Jumapili. Misani sikuweza kupiga magoti. Wote walishuka, mimi nikabaki nimesimama peke yangu kama mnara, na padre akanitazama. Jumatatu ilikuwa mbaya zaidi. Ofisi yetu iko ghorofani, vipandio ishirini na viwili. Kupanda nilipanda kwa kujivuta. Bwana Sadallah akanikabidhi mfuko mbele ya makarani wote, barua kumi na nne, wakapiga makofi. Nikainama kwa heshima, nikauweka begani, mara hii la kulia, nikaenda kwenye ngazi. Miguu ikakataa kushuka. Nilitanguliza wa kulia, goti likagoma. Nikatanguliza wa kushoto, paja likalia. Nyuma yangu makofi yakawa yanapungua, moja moja, mpaka yakaisha.

Bwana Sadallah akaja taratibu. "Mzee Leodegar, barua hizi zinaweza kungoja mpaka Jumatano."

Niligeuka nikawatazama wote usoni, nikashika ukuta, nikaanza kushuka kinyumenyume. Kwa namna hiyo haikuuma. "Bwana," nikamwambia, kichwa changu kikiwa sasa kwenye usawa wa viatu vyake, "barua haijui kungoja."

Nilishuka ngazi za watu namna hiyo siku nzima, benki, Forodhani, kila mahali, natazama nilikotoka. Yule wa dirisha la tatu alicheka mpaka akaharibu muhuri. Barua ya mwisho kwa kawaida huifikisha saa tano na nusu. Siku hiyo niliifikisha saa tisa na robo, wakatia sahihi.

Kwa hiyo waambie wazee wa ukoo wasimtume mtu. Watunze nauli. Likizo yangu ni Januari. Mimi na Adelina tutakuja kwa garimoshi mpaka Mwanza, na kutoka hapo kwa meli, nami nitayajibu maswali yao nimekaa, maana kwenu sina kazi ya kukataa kiti.

Nisalimie shemeji sana. Msalimie Theonest, umwambie nasikitika sikusimama siku ile. Pumzi ilikuwa katikati ya Salamu Maria. Nisalimie watoto wote kwa majina yao, na mama mkubwa Demetria kama bado anasikia. Ukipita Kashozi, simama kidogo kwa Audax uniwekee jani bichi. Adelina anasema goti ulikande kwa maji ya chumvi, yeye sasa ni fundi.

Mungu aliyetuzaa mahali pamoja akatutawanya mbali, awaangalie ninyi huko usiku na mchana, awape mavuno na usingizi mwema, na atufikishe sote salama mpaka siku hiyo ya kuonana.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni,

Leodegar Kabyemera